Mcheza kwao hutuzwa? Historia ya wanaume wanaovua nguo jukwaani

TEZO ni kituo cha kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi, kilomita chache kaskazini mwa mji wa Kilifi. Abiria anayepita kwa basi huona minazi, mikorosho, vibanda vya biashara na vijana wa bodaboda wakingoja wateja.

Huko ni mbali sana na Los Angeles, mji wa Marekani ambako mwaka 1979 dansi ya wanaume kuvua nguo mbele ya wanawake ilianza kugeuka biashara kubwa. Hata hivyo, upo uzi mmoja unaounganisha pande hizo mbili: kijana asiye na kazi ya kutegemewa, mwili wenye afya, na mtu mwenye pesa anayetaka kuburudishwa.

Katika hoteli za Kilifi, Watamu na Malindi, vijana wa Kimijikenda wamekuwa wakiitwa kucheza ngoma mbele ya watalii kwa miongo mingi. Kifua wazi, shanga na njuga ni sehemu ya pambo la mchezaji. Kwake yeye hiyo ni ngoma ya wazee wake. Kwa baadhi ya wanaomtazama, ni jambo jingine kabisa.

Makala haya yanaeleza ilikotoka dansi ya wanaume kuvua nguo, jinsi inavyoendeshwa, ni nani aliyeneemeka nayo na ni nani aliyeumia. Kisha yanatazama kile kilicho karibu nayo zaidi katika Pwani yetu. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Je, anayecheza kwa ajili ya mgeni hutuzwa na nani?

Maana na asili yake

Dansi ya kuvua nguo ni onyesho ambamo mchezaji huingia jukwaani akiwa amevaa kamili, kisha hupunguza nguo moja baada ya nyingine kwa kufuata mdundo wa muziki. Kinachouzwa hasa si uchi, bali ule muda wa kungoja. Ndiyo maana katika maonyesho mengi ya wanaume mchezaji hubaki na chupi hadi mwisho.

Onyesho la namna hii lilianza kwa wanawake. Lilijulikana katika kumbi za Paris katika miaka ya 1890, likavuka bahari hadi Marekani na kushamiri katika kumbi za New York mnamo miaka ya 1920 na 1930. Mwaka 1937 meya wa jiji hilo, Fiorello La Guardia, aliongoza hatua ya kuzinyima leseni kumbi hizo kwa kuzituhumu kuharibu maadili.

Mwanamume aliingia katika biashara hiyo kwa mlango mwingine, yaani mlango wa nguvu. Mwaka 1893, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago, mtunisha misuli Eugen Sandow, mzaliwa wa Königsberg, alipandishwa jukwaani na kijana mfanyabiashara wa burudani, Florenz Ziegfeld.

Ziegfeld aligundua kwamba watu walivutiwa na umbo la Sandow kuliko vyuma alivyovinyanyua. Akapunguza vyuma, akapunguza na nguo. Baada ya onyesho, wanawake matajiri walikaribishwa nyuma ya pazia ili wamguse misuli.

Tangu wakati huo kanuni ikawa imewekwa. Mwili wa mwanamume uliweza kuonyeshwa hadharani iwapo palikuwa na kisingizio cha heshima: michezo, afya, sanaa ya Wagiriki wa kale au mila za watu wa mbali. Kisingizio hicho cha mwisho ndicho kitakachoturudisha Kilifi.

Klabu ya Los Angeles

Katikati ya miaka ya 1970, mhamiaji kutoka India aitwaye Somen Banerjee, aliyejulikana zaidi kwa jina la Steve, alinunua baa iliyokuwa ikisuasua magharibi mwa Los Angeles. Alijaribu mbinu nyingi za kuvutia wateja, ikiwemo mieleka ya wanawake ndani ya matope.

Mwaka 1979 alianzisha usiku wa wanawake pekee, ambapo wanaume walicheza huku wakivua nguo. Baa hiyo ikaitwa Chippendales, jina lililotokana na mtindo wa kale wa samani za Kiingereza, kwa nia ya kuipa sura ya mahali pa watu wenye hadhi.

Wakati ulikuwa mwafaka. Katika miaka ya 1970 wanawake wengi wa Marekani walikuwa wameingia katika ajira, walikuwa na mishahara yao wenyewe, na mijadala kuhusu haki zao ilikuwa imepamba moto. Fikira kwamba mwanamke naye anaweza kulipa, kuketi na kutazama ilikuwa mpya, na watu walipanga foleni.

Mwanzoni onyesho lilikuwa la kubahatisha. Lilipata mpangilio alipoajiriwa Nick De Noia, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni aliyekuwa ametunukiwa tuzo za Emmy. De Noia alileta visa vifupi vya kuigizwa, mwanga, mavazi ya kazi mbalimbali na mpangilio wa hatua za dansi. Mwaka 1983 onyesho lilifika New York.

Miongoni mwa wachezaji wa miaka hiyo ya mwanzo alikuwemo Mmarekani mweusi aliyejulikana kwa jina la Hodari Sababu. Maneno yote mawili ni ya Kiswahili, na hilo si ajabu, kwa maana Wamarekani weusi wengi walichagua majina ya lugha yetu wakati huo ili kujinasibisha na Afrika. Katika kundi lililojaa wachezaji weupe, rangi yake ilimfanya kuwa mtu wa pekee.

Jinsi onyesho linavyoendeshwa

Aliyewahi kuhudhuria onyesho la aina hii atakueleza kwamba sauti kubwa zaidi ukumbini ni ya kicheko. Wanawake huja kwa makundi, mara nyingi kusherehekea siku ya kuzaliwa au kumuaga mwenzao anayekaribia kuolewa.

Mchezaji huingia akiwa amevaa sare: mzima moto, polisi, baharia, fundi wa mjengo. Sare hizi hazikuchaguliwa ovyo. Ni nguo za kazi za mikono na za mamlaka, ambazo mtazamaji amezoea kuzitii au kuzitegemea. Zinapovuliwa, mamlaka huvuliwa pamoja nazo, angalau kwa dakika chache.

Malipo ya mchezaji huwa ya namna mbili. Kuna ujira wa mwenye ukumbi, ambao mara nyingi ni mdogo, na kuna bakshishi kutoka kwa watazamaji. Kwa kuwa bakshishi ndiyo inayotegemewa, mchezaji hulazimika kushuka jukwaani, kuchangamkia meza moja baada ya nyingine na kuvumilia mikono ya watu asiowajua.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya dansi hii na dansi nyinginezo. Msanii wa kawaida hulipwa kwa ufundi wake. Huyu hulipwa pia kwa kukubali kuguswa na kufanyiwa mzaha.

Fedha, kesi na damu

Fedha zilipoanza kumiminika, urafiki uliisha. Banerjee na De Noia walizozana kuhusu haki za maonyesho ya ziara, ambayo yalikuwa yakiingiza mapato makubwa. Aprili 1987 De Noia alipigwa risasi na kuuawa ofisini mwake jijini New York.

Uchunguzi ulichukua miaka. Banerjee alikamatwa mwaka 1993, na baadaye akakiri mashtaka yaliyojumuisha kupanga mauaji hayo. Oktoba 1994, saa chache kabla ya kuhukumiwa, alipatikana amejitia kitanzi katika seli yake.

Biashara haikufa pamoja naye. Ilipita mikononi mwa wamiliki wengine, na mwaka 2002 onyesho lilianza kufanyika katika hoteli ya Rio mjini Las Vegas. Kutoka Australia lilikuja kundi la Thunder from Down Under, na nchini Uingereza likatokea kundi la Dreamboys.

Vazi la Chippendales la kola nyeupe, tai ndogo na vikofi vya mikononi, bila shati, lilifikishwa hata mahakamani. Kampuni ilitaka itambuliwe kwamba vazi hilo lilikuwa alama yake ya kipekee tangu mwanzo. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikataa, kwa hoja kwamba wahudumu wa kike wa klabu za Playboy walikuwa wamevaa kola na vikofi kama hivyo kabla yao.

Kesi hiyo ina funzo. Waliogombea haki ya vazi walikuwa kampuni na mawakili wake. Wanaume waliovaa kola hizo na kuuza jasho lao usiku hawakuwa na sehemu katika mgogoro huo. Umiliki ulikuwa wa jukwaa, wala haukuwa wa mchezaji.

Kiwanda kinapofungwa

Kisa kilichoifanya dansi hii ijulikane duniani kote hakikutoka Las Vegas. Kilitoka Sheffield, mji wa kaskazini mwa Uingereza uliosifika kwa viwanda vya chuma.

Mwaka 1997 ilitoka filamu ya The Full Monty, iliyoongozwa na Peter Cattaneo. Inasimulia kuhusu wanaume waliopoteza kazi viwandani ambao, baada ya kuona wanawake wa mji wao wakijaa ukumbini kuwatazama Chippendales, wanaamua kuvua nguo jukwaani usiku mmoja ili wapate pesa.

Si vijana wenye misuli. Mmoja ni mnene, mwingine ni mzee, mwingine anaficha kutoka kwa mkewe kwamba amefutwa kazi. Mmoja wao anahitaji pesa za kumlipia mtoto matunzo asije akanyimwa haki ya kumwona.

Filamu hiyo iliyotengenezwa kwa gharama ndogo iliingiza zaidi ya dola milioni 250. Watu walicheka, lakini kilichowagusa ni ukweli uliomo: mwanamume aliyezoea kuuza nguvu za mikono yake amebaki na mwili tu wa kuuza.

Miaka kumi kabla yake, huko New Zealand, ulikuwa umeonyeshwa mchezo wa kuigiza uitwao Ladies Night, nao ulihusu wanaume wasio na kazi wanaoamua kuvua nguo jukwaani. Na mwaka 2012 Steven Soderbergh alitoa Magic Mike, filamu iliyochochewa na maisha ya mwigizaji wake mkuu, Channing Tatum, aliyecheza dansi hiyo huko Florida akiwa kijana kabla ya kuwa nyota.

Mike wa filamu hiyo ana ndoto ya kutengeneza samani. Anakwenda benki kuomba mkopo na ananyimwa. Kwa hiyo visa hivi vitatu, kutoka nchi tatu, vinasema jambo lile lile. Mwanamume hupanda jukwaa hilo pale milango mingine inapofungwa.

Ngoma si uchi

Tukirudi nyumbani, lazima tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo wageni wengi huyachanganya. Ngoma za Wamijikenda hazikuwa, na si, dansi za kuvua nguo. Kifua wazi cha mchezaji wa zamani kilikuwa vazi lake la kawaida. Hakuwa amevua kitu.

Kila ngoma ilikuwa na mahali pake. Kifudu ni ngoma ya maombolezo. Sengenya ni ya Wadigo na Waduruma. Gonda na mwanzele zinajulikana sana miongoni mwa Wagiriama. Mchezaji hutikisa mabega, hukanyaga ardhi kwa kishindo na kuitikia wimbo mbele ya jamaa na majirani wanaomfahamu yeye na ukoo wake.

Ngoma ilikuwa pia na nguvu za kisiasa. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliitumia kifudu kuwakusanya Wagiriama na kuwahimiza wakatae kazi ya kulazimishwa na kodi za serikali ya kikoloni. Wakoloni walimkamata mwaka huo huo. Walielewa vyema kwamba ngoma haikuwa mchezo tu.

Miongoni mwa Waswahili, dansi zenye kunengua kiuno, kama vile chakacha, zilikuwa za wanawake, zikichezwa mbele ya wanawake wenzao ndani ya ua. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Hivyo basi jamii zetu hazikuikataa dansi ya mwili. Ziliiwekea mipaka ya nani acheze, nani atazame na kwa tukio gani.

Mipaka hiyo ndiyo utalii uliyoivuruga.

Mgeni anapolipa

Dalili za mwanzo zilionekana hata kabla ya mahoteli makubwa. Kabla ya kujengwa daraja la Mtwapa, magari yaliyokwenda Kilifi na Malindi yalivushwa kwa kivuko kilichovutwa kwa mnyororo, kwa nguvu za mikono ya watu. Wavutaji waliimba na kucheza huku wakivuta, na abiria wa Kizungu wakakipa jina la kivuko kinachoimba.

Wimbo wa kazi, ambao shabaha yake ilikuwa kupatanisha nguvu za watu wengi, ukawa kivutio. Jasho la mvutaji likawa tamasha la mwenye gari.

Hoteli za kwanza za kitalii mjini Malindi zilifunguliwa katika miaka ya 1930. Kuanzia miaka ya 1960 Waitaliano walianza kufika kwa wingi, kwa sehemu kutokana na kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco kilichojengwa Ngomeni. Baadaye zikaja ndege za kukodi kutoka Ujerumani, Uswisi na Uingereza.

Serikali nayo ilitambua kwamba ngoma ni bidhaa. Mwaka 1971 ilianzisha Bomas of Kenya jijini Nairobi ili kuhifadhi na kuonyesha ngoma za makabila. Katika Bonde la Ufa, kwenye shamba la Mayers, Wamaasai walicheza mbele ya watalii waliokuja kunywa chai kwenye bustani, hadi serikali ilipolisitisha onyesho hilo katika miaka ya 1980 kwa sababu lilifanana mno na enzi za ukoloni.

Jirani zetu wa Tanzania walichukua njia tofauti. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya huko iliendesha kampeni ya kuwalazimisha Wamaasai wavae suruali na mashati, pamoja na kampeni nyingine dhidi ya sketi fupi mijini. Viongozi waliona aibu kwamba mwili wa raia wao ulikuwa picha ya kuuzwa kwa wageni.

Kampeni hiyo iliwaadhibu wanaotazamwa. Wanaotazama hawakuguswa. Ni kosa ambalo limerudiwa mara nyingi tangu hapo.

Morani ufuoni

Mfano ulio karibu kabisa na dansi ya Chippendales katika nchi yetu ni ule wa morani wa Kisamburu. Tangu miaka ya 1980 vijana hao wamekuwa wakisafiri kutoka kaskazini mwa nchi hadi fuo za Pwani ili kuuza shanga na kuchezea wageni hotelini.

Mruko wa morani, nywele zilizopakwa rangi nyekundu, kifua kilichopambwa shanga na shuka iliyofungwa kiunoni vilitangazwa katika picha za utalii kote Ulaya. Mwanamke wa Uswisi, Corinne Hofmann, aliyefika Kenya mwaka 1986 na kuolewa na Msamburu, aliandika kitabu kuhusu maisha yao mwaka 1998. Kitabu hicho kiliuzwa kwa wingi na kutengenezewa filamu mwaka 2005.

Mtafiti George Paul Meiu alichapisha kitabu mwaka 2017 kuhusu uchumi huu. Alionyesha kwamba baadhi ya vijana waliporudi Samburu na magari na pesa za kujenga nyumba, jamii iliwaonea wivu na wakati huo huo kuwadharau. Pesa zao zilionekana kuwa zisizo na mizizi, za kuja na kupotea.

Vijana wengi wa jamii nyingine, wakiwemo Wamijikenda, waligundua kwamba mgeni hamtaki Mgiriama wala Mduruma. Anamtaka Mmaasai wa kwenye picha. Basi wakanunua shuka nyekundu, wakavaa shanga, wakajitambulisha kwa kabila lisilo lao.

Hapa mambo yamepinduka. Huko Los Angeles mwanamume huvua sare ya kazi ili apate bakshishi. Kwenye ufuo wetu kijana huvaa mila ya mwenzake ili apate bakshishi. Wote wawili wanamuuzia mtazamaji ndoto aliyokuja nayo kutoka kwao.

Mwaka 2012 mwongozaji filamu wa Austria, Ulrich Seidl, aliionyesha hali hii bila huruma katika filamu iitwayo Paradies: Liebe, iliyopigiwa hapa Pwani na kushindanishwa katika tamasha la Cannes. Vijana wa ufuoni, maarufu kama mabichiboi, walishiriki humo kama waigizaji.

Katika tukio moja, rafiki zake mtalii wa makamo wanamletea kijana Mwafrika chumbani kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, avue nguo na kucheza mbele yao. Wanawake wanacheka na kumjadili kwa Kijerumani. Hakuna jukwaa, hakuna mwanga, hakuna mlinzi mlangoni wala mkataba. Kuna kijana mmoja na wageni wanne katika chumba kilichofungwa.

Ukumbi wa Las Vegas, pamoja na aibu zake zote, humpa mchezaji kanuni na mwenye dhamana wa kushtakiwa. Chumba cha hoteli hakimpi kijana huyo chochote.

Korosho, mabomu na msimu mbovu

Kwa nini kijana wa Tezo aingie katika mzunguko huu? Jibu lake linafanana na lile la Sheffield.

Eneo la Tezo na Roka lilikuwa sehemu ya mradi wa serikali wa kuwapa watu makazi na mashamba. Minazi na mikorosho ndiyo iliyokuwa tegemeo. Katikati ya miaka ya 1970 kiwanda cha korosho kilijengwa mjini Kilifi, na mkulima akawa na soko la karibu. Katika miaka ya 1990 kiwanda hicho kilianguka na kufungwa. Wafanyakazi walirudi nyumbani na wakulima wakabaki mikononi mwa madalali.

Utalii ukawa tegemeo lililobaki kwa wengi, nalo halikuwa imara. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza wageni. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zikawafukuza tena. Hofu ya ugaidi kuanzia mwaka 2013 ilifunga hoteli nyingi, na mwaka 2020 janga la korona likazifunga karibu zote.

Lakini siku ambayo wacheza ngoma wa Kilifi hawawezi kuisahau ni Novemba 28, 2002. Asubuhi hiyo magaidi waliishambulia kwa bomu hoteli ya Paradise huko Kikambala, wakati watalii kutoka Israeli walipokuwa wakiwasili. Waisraeli watatu na Wakenya 10 waliuawa. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwemo wacheza ngoma waliokuja kuwakaribisha wageni.

Walikuwa wamesimama mlangoni wakifanya kazi yao. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema methali. Siku hiyo wenyeji waliocheza ili wapate riziki ya siku moja walilipa kwa uhai wao, katika vita visivyowahusu.

Ni vyema basi tunapomkemea kijana kwa kucheza mbele ya wageni, tukumbuke gharama ambayo wenzake wamewahi kuilipa.

Sheria inasemaje

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika kifungu cha 181, inaharamisha kuonyesha hadharani onyesho chafu au lenye kuelekea kupotosha maadili. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka miwili au faini ya Sh7,500. Sheria hiyo imerithiwa kutoka kwa wakoloni, na haielezi kwa undani uchafu huanzia wapi.

Ulegevu huo una madhara. Mji wa Mtwapa, ulio katika Kaunti ya Kilifi, unajulikana nchini kote kwa vilabu vyake vya usiku. Pale polisi wanapofanya msako, anayekamatwa kwa urahisi ni mchezaji au mhudumu aliyeko sakafuni, si mwenye ukumbi aliyeko nyumbani kwake.

Kuhusu watoto, sheria iko wazi. Ripoti iliyochapishwa na UNICEF pamoja na serikali mwezi Desemba 2006 ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani walikuwa wamejiingiza katika biashara ya ngono. Sheria ya Makosa ya Ngono, iliyopitishwa mwaka huo huo, inaharamisha utalii wa ngono unaowahusu watoto. Hapa hakuna cha kujadili kuhusu hiari wala sanaa.

Kuna sheria nyingine isiyozungumzwa sana. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inatambua kwamba ngoma, nyimbo na mavazi ya jamii ni mali ya jamii hiyo, na kwamba anayetaka kuvitumia kwa biashara anapaswa kupata idhini na kuifaidi jamii husika.

Kwa maneno mengine, kile ambacho kampuni ya Marekani ilikipigania mahakamani kwa ajili ya kola na vikofi, Mgiriama amepewa na sheria kwa ajili ya gonda na mwanzele. Kilichobaki ni kukidai.

Nani amiliki jukwaa?

Historia hii, kuanzia kwa Sandow hadi kwa morani wa ufuoni, inaonyesha kwamba idadi ya nguo zilizovuliwa si kipimo kizuri cha heshima. Sandow alibaki karibu uchi lakini akajipatia jina na mali. Kijana aliyevaa shuka, shanga na njuga anaweza kuvuliwa utu wake bila kuvuliwa hata uzi.

Kipimo cha kweli ni nani anayeamua. Mchezaji akijua atalipwa kiasi gani, akiwa na mkataba mkononi, akiwa na uwezo wa kusema "hapana" na bado apate nauli ya kurudi nyumbani, huyo ni msanii. Akiwa anategemea hisani ya meza moja tu, hata ngoma tukufu ya wazee wake itakuwa njia nyingine ya kuomba.

Vikundi vya ngoma vya Kilifi vinaweza kuanza na mambo madogo. Vijisajili. Viweke ada inayojulikana na kila hoteli. Vikatae kazi ya mchezaji mmoja mmoja katika vyumba vya wageni. Vikubaliane na wazee ngoma ipi inafaa kuuzwa na ipi, kama kifudu ya maombolezo, ibaki nyumbani.

Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, walisema waliotutangulia. Ya kwetu imelia kwa ajili ya wageni kwa karibu miaka mia moja, na bado haijapasuka. Ili isipasuke, ni lazima anayeipiga awe na sauti juu ya wapi itapigwa, lini, na kwa bei gani. Hapo mcheza kwao atatuzwa, hata kama atakayetoa tuzo ametoka ng'ambo.